Kupika Kelele

Katika boma letu, mtu mkimya kuliko wote ndiye aliyeambiwa anapiga kelele.

Mama mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, nami nikamwita hivyo hivyo tangu nilipojifungua wa kwanza, hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimu alikuitikia, kisha akarudi kwenye shughuli yake. Akifurahi, alinyamaza. Akikasirika, alinyamaza zaidi, nawe ukajua tofauti kwa jinsi alivyoweka sufuria chini. Sijawahi kumsikia akimwita mtu kutoka mbali. Alikuwa anatembea hadi ulipo, hata kama ni shambani kwenye majani chai, na kukwambia kwa sauti ya chini kwamba chakula kiko tayari.

Mimi si Mkipsigis. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja Kericho kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, nami nikazaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Nilipoolewa huku, kati ya Sotik na Ndanai, Kijaluo changu hakikuwa na wa kukisikia, na Kikipsigis changu kilikuwa cha kununulia mboga. Kwa hiyo mimi na Kogo tuliongea Kiswahili. Changu kilikuwa cha darasani, chake cha sokoni. Herufi g kwake ilikuwa k, na b ilikuwa p. Gari lilikuwa kari, bibi alikuwa pipi. Tulicheka naye mwaka wa kwanza, kisha tukaacha, kwa sababu nilizoea nikawa sisikii tena. Tulielewana kabisa. Nasema hivi mapema kwa kuwa wapo wanaosema kwamba yaliyotokea yalitokea kwa sababu sisi wawili hatukuwa na lugha.

Jiko lake lilikuwa sehemu ya juu ya boma, mgongoni mwa kilima, kibanda cha udongo chenye paa la mabati meusi kwa masizi. Moto wake haukuzimika kabisa. Na kazi kubwa ya moto ule haikuwa ugali. Ilikuwa mursik, maziwa ya kibuyu. Nyuma ya jiko kulikuwa na mti wa senetwet, wenye maua ya manjano, na Kogo alikata vijiti vyake, akavichoma hadi vikawa makaa mekundu, akasugua makaa yale ndani ya kibuyu kilichosafishwa, polepole, huku akikizungusha mapajani, mpaka ndani kote kukawa kweusi na kunanukia. Ndipo akamimina maziwa aliyochemsha na kupoza, akafunika, akaweka kibuyu pembeni na kukisahau. Kikifunguliwa baada ya siku kadhaa, maziwa yanatoka mazito, yana rangi ya majivu, na ukali unaokukunja uso kabla hujatabasamu. Mimi mtu wa samaki nilichukua muda kuyapenda. Sasa siwezi kula ugali bila kuyafikiria.

Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya vibuyu vile. Huku kwetu, mtoto akirudi kutoka ng'ambo, au akishinda mbio, au akimaliza chuo, hapokewi mikono mitupu. Mzee wa nyumba anamnywesha mursik mbele za watu. Binti yangu mkubwa alikuwa ndio kwanza ameingia chuo, na Kogo alikuwa amekwisha kumtengea kibuyu. Alikivisha ukanda wa ngozi wenye shanga alioushona mwenyewe. "Hii ni yake," aliniambia. "Siku atamaliza, nitampa na mkono yangu." Kwa mtu asiyesema, hiyo ilikuwa hotuba.

Mradi ulitufikia kwa njia ya baraza. Tuliitwa uwanja wa shule ya msingi, tukakaa kwenye nyasi, na mwanamke mmoja kutoka Nairobi, msomi, mpole, aliyevaa viatu visivyofaa matope yetu, akatueleza kwamba kuna setilaiti inayopita juu kabisa na kazi yake ni kupima hewa ya ukaa. Alitaka kuweka mtambo ardhini, mahali pa juu, ili vipimo vya chini vilinganishwe na vya juu, ijulikane kama ile ya angani inasema kweli. Sisi tukamwita daktari wa hewa, na jina likamshika.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. "Mnapima hewa," akasema, "halafu lini mnaanza kuuza?" Uwanja mzima ukacheka. Nchi hii kila mtu ameshauziwa hewa angalau mara moja: shamba lisilokuwepo, kazi ya ng'ambo isiyokuwepo, mbolea ya mchanga. Daktari wa hewa naye alicheka, nikampenda kwa hilo. Mwingine akasema, "Aliye juu mngoje chini," na hapo ndipo tuliangua kicheko hasa. Nakumbuka tulivyocheka siku ile. Tulidhani sisi ndio wajanja.

Boma letu lilichaguliwa kwa sababu ya kilima. Mume wangu alikubali kabla sentensi haijaisha. Nami nikapewa kazi, ya kwanza yenye koti la njano lenye mistari inayong'aa: kufuta kioo cha mtambo, kufukuza ng'ombe, kupiga simu umeme ukipotea. Sitadanganya, nilijisikia mtu. Miaka yote nilikuwa yule mke wa kutoka ziwani. Sasa nilikuwa na funguo za uzio.

Daktari wa hewa alikuwa mwalimu mzuri. Alinieleza jambo lile hadi nikaweza kuwaeleza wengine. Setilaiti haichoti hewa, kwa kuwa iko mbali mno juu ya hewa yenyewe. Inachoangalia ni mwanga. Jua linamulika majani chai, mwanga unadunda kurudi juu, na njiani hewa ya ukaa inameza rangi fulani fulani ambazo jicho letu halizioni. Setilaiti inatazama mwanga uliorudi na kuangalia kilichopungua. Niliwaambia wanawake kanisani kwamba ni kama mama anayefunua sufuria ya nyama: hakuona nani alikula, lakini anajua ni vipande vingapi havipo. Walielewa papo hapo. Mtambo wetu ulifanya kazi ileile kutoka chini, ukilitazama jua moja kwa moja. Kando yake kulikuwa na mlingoti wenye mrija wa kuvuta hewa ya pale pale, na mrija huo ndio uliotuletea balaa.

Kwanza niliambiwa nisisimame karibu nao. Pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa, na mrija unaisikia. Nikamweleza Kogo asipite karibu na uzio. Alinitazama. "Wanataka tusipumue?" aliuliza, na nikadhani anatania.

Kisha asubuhi moja daktari wa hewa aliniita kwenye kompyuta yake. Mstari ulikuwa umetulia kama ukingo wa meza, halafu unaruka juu, unashuka, unaruka tena. "Kila asubuhi," alisema. "Unaona?" Akainua macho akatafuta upepo unakotoka, na mimi nikatazama anakotazama. Moshi wa Kogo ulikuwa unapenya kwenye mabati, mwembamba, wa bluu, ukielekea kwetu bila haraka.

"Hiyo ndiyo shida," alisema. "Hiyo jiko ni noise."

Nikamwuliza ana maana gani, kwa sababu jiko lile lilikuwa kimya. Akanieleza kwamba kwenye sayansi kuna kile unachotaka kusikia na kile kinachokuzuia kusikia, na hicho cha pili ndicho kelele. Nikageuka nikaonyesha bondeni. Pale chini kiwanda cha chai kilikuwa kinachoma kuni, magogo ya mikaratusi yaliyokatwa kwa lori zima zima, na bomba lake lilikuwa linatoa wingu jeupe lililoweza kufunika boma letu na la jirani na kanisa.

"Na ile?"

"Ile ni sawa," alisema. "Ile ndio tunataka kupima. Ile ni signal."

Sijamchukia yule mwanamke. Nimejaribu, nikashindwa, kwa maana hakusema neno lolote la dharau. Alikuwa ananifundisha. Lakini yeye ndiye aliyeniomba nikamweleze Kogo, kwa kuwa mimi namjua, na yeye hakuijua lugha ya huku.

Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibuyu mapajani, mkono ndani ya kazi. Nikachuchumaa. Nikamwambia kwamba wale watu wamepata tatizo na moshi wake. Kwamba kwenye mashine yao moshi wa kiwanda ni habari, na moshi wake ni kelele.

Mkono ukasimama.

"Mimi?" alisema. "Mimi napika kelele?"

Kwa ulimi wake, kupiga na kupika ni neno moja. Nililisikia neno lile kana kwamba nalisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameuliza kama anapiga kelele, na jiko lake lote, vibuyu vyake, makaa yake, vikauliza pamoja naye kama miaka yote hii vilikuwa vinapika kelele.

"Nani amesikia?" akauliza.

Nikaonyesha juu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwenye mashtaka. Kogo akatazama mabati meusi, muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja. Kisha akarudisha macho kwenye kibuyu, akaendelea kusugua.

Mume wangu alinilaumu. Alisema ningetafuta neno lingine, mama asingeumia. Neno gani? Nimekaa na swali hilo hadi leo. Uchafu? Kizuizi? Kosa? Kila neno lingemwambia jambo lilelile: kwamba kuna kikubwa kinachostahili kupimwa, na yeye hayumo, yeye yuko njiani. Neno halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe sikulileta mimi. Mume wangu hakulitafuta neno lingine alipopanda juu ya jiko la mama yake kung'oa mabati.

Maana yeye na watu wa mradi walilibomoa. Kwa heshima zote, bila shaka. Walimjengea jiko jipya chini, karibu na zizi, la mabati yanayong'aa na sakafu ya saruji, na ndani wakaweka jiko la gesi lenye mtungi wa kijani. Moto wa kuni ukakatazwa boma lote mpaka mradi uishe. Senetwet nao ukakatwa, kwa kuwa asubuhi ulitia kivuli kwenye mtambo. Majirani walikuja kutazama mtungi na kumpongeza Kogo kwa kubarikiwa.

Alizungusha kile kitufe, moto wa bluu ukaruka, akakirudisha. "Nimeletewa kesi," akawaambia.

Wakacheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu walijua anataka kusema gesi. Mimi sikucheka. Sijui hadi leo kama alitaka kusema gesi.

Moto wa gesi hauna makaa. Mtu asiyefanya kazi ile hawezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Kogo aliomba vijiti vya senetwet kwa jirani akavishika juu ya moto wa bluu, vikawaka kwa pupa, vikawa majivu bila kupita kwenye wekundu. Alijaribu tena na tena. Maziwa aliyoyaweka kwenye kibuyu hicho yaliganda, yakawa na harufu ya kitu kilichoungua ovyo. Alimmwagia mbwa. Mbwa akanusa, akaondoka. Kogo akaosha vibuyu vyake vyote, akaviangika ghalani kwenye mti wa paa, pamoja na kile chenye shanga, akafunga mlango. Alianza kukaa nje mchana, mikono mapajani, imefunguka kana kwamba inasubiri kupewa kitu.

Ajabu ni kwamba kile kilichotafutwa angani kinaitwa ukaa, na ukaa ndio uleule aliokuwa akiusugua ndani ya kibuyu. Nilitaka kumwambia daktari wa hewa jambo hilo, nikaona atafurahi, ataliandika mahali, nami sikutaka afurahi.

Mashine ilitulia. Mstari wa asubuhi ukawa ukingo wa meza. Daktari wa hewa alinishukuru na kunipigapiga begani.

Sasa niseme kuhusu mawingu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini huku kwetu mawingu hayangoji mvua. Asubuhi ni jua tupu, chai inametameta, kisha kufikia saa sita anga linaanza kujifunika, na baada ya hapo ni blanketi. Ndiyo maana chai inapenda hapa. Na setilaiti ile, niliambiwa tangu mwanzo na sikutilia maanani, ilikuwa inapita baada ya saa saba. Mwanga haupenyi blanketi. Mama hawezi kuhesabu nyama kama sufuria ina kifuniko.

Walipokuja na lori kuchukua vyombo vyao, kabla ya muda waliotuambia, nilimwomba daktari wa hewa anionyeshe matokeo. Alifungua kompyuta juu ya boneti ya gari. Ilikuwa ramani nzuri sana. Nchi jirani zilikuwa na rangi, njano na nyekundu na machungwa. Kaskazini kulikokauka kulijaa nukta. Huku kwetu, toka Kericho kushuka Sotik mpaka Ndanai, kulikuwa kijivu.

"Hiyo kijivu ni nini?"

"Hakuna data," alisema. "Mawingu. Tulipata siku chache mno, haziwezi kutumika."

"Na vipimo vya mtambo wetu?"

Alikuwa mtu mkweli. "Vilikuwa vizuri sana," alisema. "Safi kabisa. Lakini kama ya juu haikuona, hakuna cha kulinganisha nacho."

Safi kabisa. Nilivua koti la njano nikamrudishia. Hakuwa ameliomba. Walituachia bamba la saruji mahali mtambo ulipokuwa, na kuku wetu hulala hapo jua likiwaka.

Jioni ile nilimweleza Kogo, kwa sababu niliona ana haki ya kujua. Nikamwambia ile ya juu haikuona huku kwetu. Hata kiwanda haikukiona. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hawakusikia kitu," alisema.

"Hawakusikia kitu, Kogo."

Nilimwambia tujenge jiko upya, palepale juu. Mume wangu, kwa aibu yake, alikuwa tayari ameanza kukusanya miti. Twende ghalani, nikasema, tutoe vibuyu. Binti alikuwa karibu kumaliza chuo.

Kibuyu kinachotumika kinaishi kuliko mtu. Kibuyu kinachokaa kikavu bila maziwa, bila makaa, kinakuwa chakula cha wadudu. Tulivishusha kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimetobolewa matundu madogo, unga mweupe ukamwagika tulipovitikisa. Vingine vilipasuka. Kile chenye shanga kilionekana kizima, nikashukuru Mungu kwa sauti, mpaka Kogo alipopitisha kidole gumba chini yake, akakisimamisha mahali fulani, akaniwekea kidole changu hapo. Ufa. Mwembamba, mrefu, unapitisha ukucha.

Hatukujenga jiko. Miti ile ikawa ya uzio wa ndama. Kogo alisema mikono yake imesahau, na alikuwa amezeeka haraka zaidi katika kukaa kule nje, kuliko alivyozeeka kwa miaka yote niliyomjua. Kuotesha vibuyu ni kazi ya misimu, na senetwet uliokuwa unachipua kwenye kisiki ulikuwa bado mwembamba kama fimbo ya mwalimu.

Siku ya sherehe ya binti yangu tulikuwa na hema, viti vya kukodi, spika kubwa na kijana wa kuongoza shughuli mwenye sauti ya gari la matangazo. Mursik tuliununua Sotik, dukani, kwenye chupa za plastiki. Niliuonja. Ulikuwa maziwa lala yenye vumbi jeusi.

Nilipotaka kumpa Kogo kikombe cha kumnyweshea mjukuu, alikataa. Alitaka kibuyu chake. Nilimkumbusha kwamba kimepasuka. "Mimina," alisema.

Nikamimina. Alisimama mbele ya watu wote amekishika kwa mikono miwili, shanga zikining'inia, kidole gumba kimebana ufa kwa nguvu zote alizobaki nazo. Binti yangu, ndani ya joho lake, alipiga magoti, akafungua mdomo. Kogo akainamisha kibuyu. Mimi niliyekuwa karibu niliona maziwa yakitoroka chini ya kidole, yakifuata mshipa wa mkono, yakiingia kwenye mkono wa gauni lake jipya. Hakutikisika. Binti alikunywa, akapangusa midomo, akasema, "Kogo, tamu kama ile ya zamani," maana ni mtoto mwenye adabu.

Yule kijana wa spika akaona ni wakati wake. "Wapi Kogo?" akanguruma. "Mpigieni Kogo kelele! Sisikii! Kelele kwa Kogo!"

Watu wakapiga. Vigelegele, filimbi, viti vikigongwa, vijana wakipayuka nyuma ya hema, kilima kizima kikaitika hadi ng'ombe zizini wakageuza vichwa. Kogo alinigeukia. Midomo ilisogea lakini sikusikia, ikabidi niinamishe sikio hadi mdomoni kwake.

"Hawa ndio wanapika kelele," alisema. "Mimi nilikuwa napika maziwa."

Kisha akanipa kibuyu nikishike, atafute kitambaa cha kufutia mkono, na nilipokipokea sikukumbuka mahali pa kuweka kidole, yote yakamwagika kwenye nyasi.